Mlo wa Mtihani

Watu wengi hudhani meno bandia huuzwa dukani kama kandambili: unajaribu, unabana kidogo, unakwenda zako. Ukimwambia mtu kwamba kuna chuo, tena cha miaka mitatu, ambako watu wazima na akili zao hukaa wakichonga magego ya nta, anakutazama kama unamtania. Hata mama yake Keki alimtazama hivyo. Binti alikuwa amepamba keki miaka tisa katika kiwanda cha mikate, mkono wake unasifiwa na kila bibi harusi, halafu siku moja anaaga eti anakwenda kusomea meno ya watu.

"Mwanangu," mama alimwambia, "watu hulia meno yakiota, wakalia tena yakitoka. Wewe unataka kwenda kukaa hapo katikati?"

Keki alikwenda kukaa hapo katikati. Jina hilo alipewa darasani siku ya kwanza, na lile la kwao likabaki kwenye rejista. Darasa lenyewe lilikuwa la watu sita tu, kwa sababu maabara ilikuwa na meza sita, na Mwalimu hakuwa mtu wa kubananisha watu. Kinyozi alikuwa kinyozi kweli kabla ya kuja, na hadi mwaka wa tatu aliendelea kuwanyoa wenzake saa ya mapumziko, wakitaka wasitake. Daktari alikuwa kijana makini aliyekosa udaktari kwa alama mbili, na alama hizo hakuwahi kuzisamehe. Halafu walikuwapo Mawifi. Mmoja ameolewa na kaka wa mwenzake, wamekuja chuo pamoja, wamekaa meza jirani, na ugomvi ulioanzia jikoni asubuhi waliumalizia juu ya plasta. Wa sita aliitwa Kimya, na jina lake linajitosheleza.

Mwalimu wao alikuwa mzee mfupi mwenye hasira za karibu na sheria chache. Kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba meno hayasahihishwi juu ya meza. Juu ya meza, alisema, hata meno ya ovyo yanacheka vizuri. Kwa hiyo mtihani wa mwisho pale chuoni haukuwa wa kalamu. Kila mwanafunzi alipata kwa kura mgonjwa mmoja asiye na jino hata la dawa, akamtengenezea seti nzima, juu na chini. Siku ya mahafali wagonjwa hao sita walikaa meza moja mbele ya wageni wakala chakula cha mchana: nyama, mkate wenye ganda gumu, tufaha, karanga. Wakimaliza, kila mmoja alisimama akasema maneno machache, lolote alitakalo, huku mtahini kutoka nje akizunguka na tochi na fomu. Wanafunzi waliuita mlo wa mtihani. Wapo walioshindwa kumeza mate siku hiyo, na wala si wao waliokuwa wanakula.

Fomu ilikuwa na mafungu matano ya alama ishirini ishirini: meno yanavyokaa, yanavyotafuna, yanavyosema, sura yake, na maelezo ya fundi mwenyewe. Kufaulu ni sitini. Asiyefika sitini anarudia mwaka wa tatu na darasa linalofuata, huku wenzake wakienda kazini.

Alhamisi mchana, siku mbili kabla ya mahafali, sita hao walikuwa wanaosha maabara kwa mara ya mwisho. Kazi ya kuosha ilikwenda polepole maana kila kilichoshikwa kilikuwa na hadithi yake. Wifi Mkubwa alifungua kabati la chini, akatoa sanduku la mataya ya plasta, akapiga kelele kama aliyekuta nyoka.

"Yako hapa! Midomo yetu yote iko hapa!"

Hayo yalikuwa mataya yao wenyewe, ya wiki ya kwanza kabisa, walipojifunza kuchukua vipimo kwa kujazana ute wa waridi midomoni wawili wawili. Kinyozi alimchukua Daktari kipimo akaweka ute mwingi, Daktari akapaliwa, akamng'ata kidole. Ndivyo urafiki wao ulivyoanza. Wiki hiyohiyo plasta iliziba sinki, maji yakafurika, vibandiko vya majina vikaoga vikafutika, na Mwalimu akawaambia kila mtu atafute taya lake mwenyewe. Watu sita wazima walisimama nusu saa, wameshika mataya yasiyo na jina, kila mmoja akipapasa meno yake kwa ulimi ili kujua yeye ni yupi. Kimya alikuwa wa kwanza kujipata. Mawifi waligombea taya moja mpaka saa ya chakula.

"Lile lilikuwa langu," alisema Wifi Mdogo, miaka mitatu baadaye.

"Wifi, usianze."

Walicheka, wakakumbushana mengine. Mwaka wa pili mashine ya kung'arisha ilimpokonya Daktari seti nzima mkononi, ikairusha dirishani. Baada ya muda alikuja mlinzi wa ofisi ya jirani, ameibeba katika bahasha kwa ncha za vidole viwili, akauliza kwa heshima zote kama kuna mtu wao aliyepiga chafya. Tena kuna siku Kinyozi alikwenda msibani, akamshika mfiwa mkono, akampa pole vizuri, halafu ulimi ukamponyoka akamwuliza nani aliyemtengenezea yale mawili ya mbele. Huo ulikuwa ugonjwa wa darasa zima. Kufikia mwaka wa pili walikuwa hawawajui tena watu kwa sura. Mtu akikupita njiani hukumbuki jina wala kazi yake, ila unakumbuka kwamba chonge lake la kushoto limepinda.

Lakini hadithi waliyoipenda kuliko zote haikuwa na kichekesho. Wifi Mdogo alipojifungua, mwaka wa kwanza, alikosa wiki sita za masomo, na aliporudi alikuwa tayari ameamua kuacha. Mezani kwake alikuta daftari. Kimya alikuwa amemwandikia kila somo, kwa mwandiko wa kupendeza, na michoro ya magego kwa rangi. Hakumwambia neno. Wifi Mdogo alilia palepale, na Kinyozi, ambaye hawezi kuona mtu analia akanyamaza, akasema: "Basi. Sita tumeingia, sita tunatoka." Hakuna darasa lililowahi kutoka kamili pale chuoni. Kila mwaka kuna mtu alibaki. Tangu siku ile sita hao walilishika neno hilo kama deni la heshima.

Sasa Kinyozi, katika kusogeza vitu, alifungua kisanduku cha kazi ya mtihani ya Keki. Keki alikuwa wa kwanza darasani miaka yote mitatu. Kazi yake ilikuwa inatazamwa kwa kujifunza, na ndivyo Kinyozi alivyoitazama, akiwa bado anacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Keki, hii umeiharibu?"

Wote walisogea. Fizi zilikuwa safi, zimeng'arishwa, rangi ya fizi za mtu mwenye afya. Meno yalikuwa yamepangwa vizuri mno. Lakini katikati, juu, kati ya meno mawili ya mbele, kulikuwa na uwazi wa kupitisha njiti ya kiberiti.

"Sijaharibu," Keki alisema, akiendelea kusugua sinki. "Huo ni mwanya."

Mzee aliyempata kwa kura alikuwa mnadi. Kwa miaka thelathini alisimama juu ya meza kwenye mnada wa vyombo vya nyumbani na kuuza vitanda, makabati, masufuria na redio zisizoimba. Watu walikwenda mnadani hata kama hawana cha kununua, ili wamsikie tu. Meno yalipomwishia, kazi nayo ikaisha. Akakaa nyumbani akawa mtu wa kuitikia kwa kichwa, na mkono wake wa kulia ukazoea kukaa mdomoni.

Jaribio la kwanza, meno yakiwa bado kwenye nta, Keki alimpangia kama mwongozo unavyosema: meno ya mbele yamegusana, yamenyooka. Alimpa kioo. Mzee Mnadi alijitazama kwa muda.

"Mazuri," alisema, akarudisha mkono mdomoni, akatoka nje kusubiri.

Mke wake alibaki nyuma. Alifungua pochi, akatoa picha iliyokunjika pembe. Kijana amesimama juu ya meza, mkono hewani umeshika birika, mdomo wazi kabisa, na katikati ya mdomo ule mwanya wa kupendeza ambao watu wengine huzaliwa nao na wengine huutamani maisha yao yote.

"Sisemi ubadilishe kitu, mwanangu," mama yule alisema. "Kazi yako nzuri. Nimetaka tu umwone alivyokuwa."

Keki alirudi mezani kwake, akaipasha moto nta, akayatenganisha yale meno mawili. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Alijua anachofanya. Hakumwambia mtu.

"Mwongozo unasema yagusane," alisema sasa Daktari, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia. "Umeandikwa. Mtahini huyu wa mwaka huu anafuata mwongozo kwa rula. Fungu la sura utapata sifuri."

"Najua."

"Unajua? Wote ishirini wamekwenda! Umebakiwa na themanini, na unatakiwa sitini. Hapo karanga moja tu ikimchokoza, umekwisha."

"Na kwenye kusema?" aliuliza Wifi Mkubwa. "Mzee wako si ndiye yule asiyesema?"

Hapo Keki aliacha kusugua. Hilo ndilo lililokuwa linamkaa rohoni. Mzee Mnadi alikuwa amekubali kuja kula. Kuhusu kusimama na kusema mbele za watu alitikisa kichwa, na Keki alipombembeleza alitikisa tena. Asiposema, fungu lile pia ni sifuri, na hata kama mengine yote matatu angepata kamili, asingezidi sitini. Na kamili, kwa mtahini yule, hakuna aliyewahi kupata.

"Uzibe," Kinyozi alisema kwa upole. "Tuna kesho nzima. Sote tutakusaidia. Tunatoa hayo mawili, tunayasogeza, tunamwaga fizi upya, Jumamosi asubuhi unang'arisha. Nani atajua?"

"Mzee atajua."

"Mzee alishasema mazuri!"

"Alisema mazuri akafunika mdomo," Keki alisema. "Nimepamba keki miaka tisa, kaka. Mtu akiipenda keki haifuniki."

Daktari alitupa kitambaa. Alisema kwamba huu ni ukaidi, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba akivunjika yeye wanavunjika wote, maana waliapa kutoka sita. Alisema mambo mengine ambayo baadaye aliyajutia. Mawifi, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, walikubaliana: wote wawili walimwona Keki ana makosa. Kimya alilitazama lile jino la kushoto na la kulia, akayarudisha kisandukuni taratibu, akafunika.

Keki aliumia, kusema kweli. Aliwapenda watu hawa. Lakini hakubadilika. Kuna watu wakipingwa huanza kujiuliza, na kuna wengine wakipingwa ndipo wanapojua wamesimama wapi. Yeye alikuwa wa aina hii ya pili. Alimaliza kuosha sinki lake, akaaga, akaenda nyumbani kumsaidia mama yake kupiga pasi nguo za Jumamosi.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Ukumbi ni neno kubwa: kilikuwa chumba cha mihadhara kilichoondolewa madawati, kikapangwa viti vya kuazima, na meza ndefu mbele yenye kitambaa cheupe. Mama yake Keki alikaa safu ya kwanza na kilemba kipya. Mtahini alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye miwani shingoni na tochi ndogo mfukoni. Alimsalimu kila mtu kwa adabu, na hakuna aliyefarijika.

Wagonjwa walianza kula. Nani amewahi kuona ukumbi mzima unawatazama wazee sita wanatafuna? Kila kipande cha nyama kilisindikizwa kwa macho. Mgonjwa wa Daktari, bibi mmoja mchangamfu, alilivunja ganda la mkate kwa mlio uliosikika mpaka nyuma, na watu wakampigia makofi. Mgonjwa wa Wifi Mdogo aliling'ata tufaha likakatika vizuri. Mzee Mnadi alikula polepole, macho kwenye sahani. Nyama alimaliza. Mkate alimaliza. Kwenye karanga, Keki alimwona anasita, anakunja jicho moja, anasogeza ulimi. Karanga imeingia chini ya meno. Mtahini naye aliona, akaandika.

Daktari, aliyekuwa amesimama kando ya Keki bila kumsemesha tangu Alhamisi, alikuwa anahesabu kwenye vidole nyuma ya mgongo.

Mtahini alipofika kwa Mzee Mnadi aliwasha tochi, akamwomba afungue mdomo, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu. Kisha akamwita fundi.

"Nani alikuruhusu kuacha pengo hapa mbele?"

"Si pengo, mama, ni mwanya," Keki alisema. "Alizaliwa nao."

"Mwongozo unasema meno ya mbele yagusane."

"Ndiyo. Mara ya kwanza niliyapanga hivyo, yakagusana. Yalikuwa meno mazuri, lakini hayakuwa yake."

Mtahini alivaa miwani, akamtazama vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alishusha sauti ili wageni wasisikie.

"Sikiliza, binti. Hapa kwenye sura nina njia mbili. Nikiandika ni kosa la kupanga, mwanafunzi hujifunza kwa makosa, nakupa kumi. Mzee anaacha meno hapa leo, yanarekebishwa, anayachukua Jumatatu yakiwa sawa. Nikiandika umefanya kwa kusudi, ni sifuri, na meno anaondoka nayo hivyohivyo. Niambie niandike nini."

Kumi. Keki alisikia Daktari akivuta pumzi nyuma yake. Kwa kumi hizo hata mzee asiposema neno, huenda angeponea chupuchupu. Alimtazama Mzee Mnadi. Mzee alikuwa amesikia kila kitu, na macho yake yalikuwa kwenye sahani, kama mtu anayesubiri kunyang'anywa kitu na ameshajizoeza kutolalamika. Keki hakuhitaji kufikiri zaidi.

"Andika kusudi," alisema.

Mtahini aliandika.

Wakaanza kusema. Bibi wa Daktari alishukuru mpaka akakatizwa. Mgonjwa wa Kinyozi alisoma barua. Mgonjwa wa Kimya, kwa bahati ya ajabu, alikuwa mropokaji, akawasimulia habari za mkwe wake. Wagonjwa wa Mawifi walisema vizuri, mmoja mmoja. Akabaki Mzee Mnadi, ukumbi mzima ukimtazama.

Mzee alitikisa kichwa.

"Maneno mawili tu, mzee wangu," Mwalimu alisema. "Jina lako tu."

Mzee aliinua mkono wa kulia, akaupeleka mdomoni. Mke wake alikuwa pembeni yake, ameinamia pochi. Mtahini alitazama saa, akaondoa kifuniko cha kalamu. Keki alisimama wima, mikono imeshikana. Hakuomba. Alijua kwamba akimwomba mzee atasema kwa kumhurumia, na sauti ya huruma haitoki vizuri. Lakini alijisemea waziwazi: basi, nimebaki.

Ndipo Kimya alipokwenda mbele. Kimya, ambaye Mwalimu alikuwa akimhesabu kwa macho maana kuitika alikuwa haitiki. Aliinua kiti kimoja cha kuazima, akakiweka juu ya meza ndefu katikati ya sahani, akaukabili ukumbi, uso umemwiva kwa aibu.

"Kiti," alisema. Akakohoa. "Kinauzwa. Ni... kizuri. Kina miguu. Nani anataka?"

Mtu mmoja alicheka puani.

"Mimi," alisema Kinyozi haraka, akielewa. "Nakitaka."

"Haya, chukua," Kimya alisema, akakishika ampe.

"Hapana!"

Sauti hiyo ilitoka kwa Mzee Mnadi, na mwenyewe alionekana kushtuka. Mkono ulikuwa umetoka mdomoni.

"Hapana, kijana. Weka chini. Kiti hakiuzwi hivyo! Mnunuzi wa kwanza humpi. Wa kwanza ni wa kuwashia moto tu. Na nani amekwambia uwaambie kina miguu? Wanaiona! Waambie wasichokiona!" Alikuwa ameshasimama. Alimwondoa Kimya kwa bega, akakishika kiti kwa mkono mmoja, akakizungusha hewani. "Mabibi na mabwana, sogeeni, sogeeni, msisimame mbali kama mnadaiwa! Kiti hiki mnachokiona si kiti, ni msomi! Kimesikia masomo miaka mitatu, kimekaliwa na mafundi, kimewavumilia mawifi! Ukikikalia kwako usiku, asubuhi unaamka unajua hesabu! Sisikii, nani amesema? Wewe mama wa kilemba kipya, usiogope, kiti hakina mke! Haya mara ya kwanza, sasa, sasa, sasa hivi..."

Na kila "sasa" ilipita kwenye ule mwanya na mluzi mdogo, mwembamba. Nyuma kabisa ya ukumbi mtu mmoja, jamaa wa mgonjwa mwingine, aliruka kutoka kitini.

"Mnadi! Jamani, ni Mnadi huyu! Nilidhani alikufa!"

"Nani amekufa? Wewe uliyenunua kwangu kabati bovu ukashukuru!" Mzee alimjibu bila kuvuta pumzi, na ukumbi ukaangua kicheko. Mama yake Keki alikuwa amenyoosha mkono anataka kukinunua kiti cha watu. Mke wa Mnadi alikuwa ameangusha pochi, vitu vimetawanyika sakafuni, na hakuwa na habari navyo.

Keki hakumtazama mzee usoni. Alitazama fizi. Mnada ni mtihani mgumu kuliko hotuba yoyote: mdomo unafunguka mpaka mwisho, ulimi unakimbia, shavu linavutika. Seti ya juu ikilegea kidogo tu inaanguka, mbele za watu wote, na mzee hatafungua mdomo tena maisha yake. Haikulegea. Ilikaa palepale ilipowekwa, kama iliyoota.

"Hii iko kwenye utaratibu?" mtahini alimwuliza Mwalimu.

"Mgonjwa anatakiwa kusema," Mwalimu alijibu. "Anasema."

Mtahini alisikiliza mpaka kiti kilipouzwa mara tatu kwa watu watatu. Kisha alikaa, akajumlisha, akajumlisha tena, akampa Mwalimu karatasi. Mwalimu alisoma kuanzia juu. Daktari, themanini na nne. Wifi Mkubwa, sabini na tisa. Wifi Mdogo, sabini na nane, na wifi yake akatabasamu kupita kiasi kidogo. Kimya, sabini na sita. Kinyozi, sabini. Watu walipiga makofi kila mara, kisha wakanyamaza, maana sita walikuwa wamesimama mbele na majina matano yalikuwa yamesomwa. Daktari aliushika mkono wa Keki, akaubana mpaka vidole vikauma.

Mwalimu alisogeza karatasi mbali na macho, akairudisha karibu.

"Keki," alisema, na lilikuwa jina lile la darasani, wala si lile la rejista. "Sura, sifuri. Jumla, sitini na moja."

Kelele iliyofuata ilizidi ya mnada. Kinyozi alimbeba Kimya juu juu. Mawifi walikumbatiana wakalia, wakakumbuka wenyewe, wakaachiana, wakakumbatiana tena. "Nisamehe," Daktari alikuwa anasema, "nisamehe, dada, nisamehe," na Keki alikuwa anacheka tu, machozi yakimshuka, maana sita walikuwa wametoka.

Mke wa Mnadi alimfikia, akamshika mashavu kwa mikono miwili. Alitaka kusema kitu kikubwa, ikaonekana, lakini nyuma yake mume wake alikuwa amehamia kwenye meza ndefu na sasa anainadi.

"Umefanya nini, mwanangu?" mama yule alisema. "Sasa huyu nani atamnyamazisha?"

Mama yake Keki naye alifika, kilemba kimekwenda upande. Alikuwa amesikia alama zote, na hesabu anaijua. Alimvuta binti yake pembeni, akanong'ona ili asimwaibishe mbele za watu.

"Mwenzako themanini na nne, mwingine sabini na kitu. Wewe sitini na moja. Miaka yote ulikuwa wa kwanza. Kuna nini? Sitini na moja ni nyingi?"

Keki aligeuka kumtazama Mzee Mnadi. Alikuwa amepanda juu ya kiti, mikono yote miwili iko hewani, kichwa nyuma, anamcheka mnunuzi kwa mdomo wote.

"Zinatosha, mama," alisema.